Sauti ya Mzazi Katika Tenzi za Mausia

Muze iko chini ya ukingo wa Ufipa, katika bonde la Ziwa Rukwa. Anayetoka Sumbawanga mjini huondoka amevaa koti, maana kule juu ubaridi si wa kubahatisha. Hupita Ntendo, kisha huteremka karibu mita 1,000 kwa njia ya mizunguko, na akifika bondeni, penye joto na mashamba ya mpunga, koti amelibeba mkononi. Huko, mbali na bahari kuliko nilivyopata kufika, niliulizwa swali juu ya shairi la pwani ambalo mimi mwenyewe, kwa miaka yote niliyosoma, kutunga na kufasiri, sikuwa nimejiuliza.

Nilikuwa nimefuatana na watu wa afya waliotaka vijitabu vyao vya malezi visomwe mbele ya wanakijiji, ili Kiswahili chake kirekebishwe pale kilipokwama. Jioni tulifikia kwa bibi mmoja, Mfipa wa bonde, aliyekuwa akiishi na wajukuu wake. Aliposikia kuwa natoka Unguja na kwamba riziki yangu ni maneno, alitaka kusikia "mashairi ya huko kwenu". Nikachagua Utendi wa Mwana Kupona. Kiamu chake kinatusumbua hata sisi wa visiwani, basi niliusoma beti chache kisha nikausimulia uliobaki kwa lugha nyepesi: mama ni mgonjwa, anamwita binti yake, anamwambia achukue wino na karatasi, anamuusia juu ya Mungu, juu ya adabu, juu ya mume.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: "Huyo binti, bibi yake alikuwa wapi?"

Nikamjibu kuwa bibi hatajwi. Akanyamaza kidogo, akaniuliza tena: "Sasa mama akisema kwa hasira, mtoto anakimbilia kwa nani?"

Watoto walicheka, nami nikacheka nao, kwa kuwa sikuwa na jibu. Makala hii ni jaribio la kulitafuta jibu hilo, nami naomba msomaji anivumilie nikianza na mambo anayoyajua.

Utendi huu ulitungwa mwaka 1858, sawa na 1275 wa Hijria, na Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, yule aliyewapinga watawala wa Unguja (jambo ambalo sisi wa huku husoma haraka haraka). Uliandikwa kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Wahakiki wetu wameuzoea kwa njia chache. Wapo wanaouona kuwa chuo cha adabu ambacho kila msichana apaswa kukipitia. Wapo wanaouona kuwa ushahidi wa namna mwanamke wa pwani alivyofungwa mikono, tena kwa kamba aliyoisokota mwanamke mwenziwe. Na yupo Ann Biersteker, ambaye katika makala yake ya mwaka 1991 alitutaka tusikilize kejeli iliyojificha chini ya utiifu, pengine mama anasema hivi na kumaanisha vile. Njia zote hizi zina faida zake. Lakini zote zinauliza swali moja: je, utendi unaamuru nini, na amri hiyo tuikubali, tuikatae, au tuigeuze? Swali la bibi wa Muze ni jingine kabisa. Yeye aliuliza mama huyu ni mtu wa namna gani, na mtoto aliye mbele yake ana mtu gani mwingine.

Nasema kuwa hilo ndilo swali tulilopaswa kuanza nalo. Amri za tenzi za mausia zinafanana mno. Mche Mungu, waheshimu wazazi, chunga ulimi, jiepushe na wajinga, itunze nyumba: ukizikusanya kutoka kwa watunzi kumi hutapata tofauti ya kukesha ukiifikiri. Kinachotofautiana ni hulka ya anayeamuru. Na mtoto, kabla hajafikia umri wa kuelewa amri, ameshaelewa hulka. Ameisikia katika sauti, katika mkono unaomvisha nguo, katika muda unaopita kati ya kosa na kofi. Kwa hiyo mhakiki anayehesabu wajibu uliotajwa katika utendi wa mausia amesoma sheria za nyumba, lakini hajaingia ndani ya nyumba hiyo.

Tuingie, basi, ndani ya nyumba ya Mwana Kupona.

Jambo la kwanza analolifanya si kuamuru wema. Anamwita binti asogee. Neno la Kiamu analolitumia, negema, limenitesa kila nilipojaribu kuuleta utendi katika Kiswahili cha leo. "Sogea" hakitoshi, sogea tunaambiwa hata ndani ya daladala. Katika negema mna mtu anayekaribia mpaka joto lake lihisike. Mama ni mgonjwa, sauti yake pengine haifiki mbali, na hivyo ukaribu huo una sababu ya mwili. Lakini hata ukiiondoa sababu hiyo, mpangilio unabaki: kwanza ukaribu, baadaye wajibu. Na kabla ya wajibu wa kwanza kutajwa, mausia yenyewe yanafananishwa na hirizi ya kufungwa mwilini na kidani cha lulu na marijani cha kuvaliwa shingoni. Mzazi huyu anapotaka kutoa amri, fikra yake inakwenda kwenye kupamba. Wazazi wengine fikra zao zinakwenda kwenye mizani, wengine kwenye kamba, wengine kwenye fimbo. Sitanii: tazama mifano wanayoitumia wazazi unaowajua.

Tena kuna umbo la utendi. Kina cha mwisho ni kimoja kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Kila baada ya vipande vitatu sauti inarudi palepale. Wanafunzi hufundishwa kuwa hii ndiyo bahari ya utendi, basi, mambo yamekwisha. Lakini kwa mtoto anayesomewa usiku, kurudi huko ni jambo la kutegemewa. Mama huyu haruki, hakati maneno, hapandi ghafla. Ukali wake, na ukali anao, unafika kwa mwendo uleule uliofika nao upole. Mtoto wa mzazi wa namna hiyo hujua lini kina kitarudi.

Kisha kuna lile lililonishangaza siku niliyorudi kutoka Muze na kuufungua utendi upya. Katika shairi zima la mama kwa mtoto wake, picha iliyo wazi kuliko zote ya kulea mtoto mchanga haimhusu mtoto. Inamhusu mume. Binti anaambiwa amtazame mumewe kama anavyotazamwa mtoto asiyejua bado kusema: amkande, ampepee, asimwamshe akilala, asipaze sauti karibu naye, atambue haja yake kabla haijatamkwa. Wasomaji wa siku hizi hukunja uso wafikapo hapo, nami siwalaumu. Walioona kejeli wamepata hapo hoja yao iliyo nzito. Lakini mimi naomba tusome beti hizo kwa macho ya yule bibi. Mwana Kupona alikuwa akitafuta mfano wa uangalifu uliokamilika, na mfano ulioko karibu na mkono wake ulikuwa malezi ya kitandani. Hapo amejisahau, akatuonyesha asichokusudia kutuonyesha. Amemsimulia Mwana Hashima namna Mwana Hashima alivyolelewa. Binti akiandika kwa wino juu ya mume asiyepaswa kuamshwa, alikuwa akiandika habari zake mwenyewe za utotoni, pengine bila kutambua, kwa kuwa hakuna anayekumbuka aliyempepea.

Ningependa kuishia hapo, na mama huyu tumwache na sifa yake. Lakini hulka ya mzazi haiji nusu. Mwana Kupona huyohuyo anamwambia binti asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Upole wake una ukuta, na ukuta nao ni urithi. Haikumjia, wala kwa zama zake na cheo chake pengine isingeweza kumjia, kwamba aliyemsaidia kumpepea binti huyo alikuwa mmoja wa hao. Na nyuma ya ukuta kuna hofu. Mume alifariki mwaka 1856. Mjane anaugua miaka miwili baadaye. Wenye nguvu wa nje bado wanaitazama Siyu. Mzazi aliyejaa hofu huamuru zaidi, kwa sababu hajui atabaki muda gani. Sehemu ndefu ya utendi si amri tena bali ni dua, na dua ile, kwa sikio langu, ni ya mtu aliyekwisha kutambua kuwa amri haitamlinda mtoto.

Werner na Hichens walipoutoa utendi huu kwa kitabu mwaka 1934, waliupa kwa Kiingereza jina linaloutaja wajibu wa mke. Jina hilo limefanya kazi kubwa kuliko ufafanuzi wao wote. Limetuchagulia hulka ya kuusomea. Tangu hapo mama anayemwita binti asogee ameingia madarasani akiwa mwalimu wa wajibu, na kidani kimekuwa orodha.

Shaaban Robert aliufahamu mtindo huu wa mausia. Ndani ya Maisha Yangu, kitabu alichosimulia humo pia msiba wa mkewe Amina, ameweka tenzi mbili kwa watoto wake: Hati kwa binti yake Mwanjaa, na Adili kwa mwanawe Suleiman. Adili nitaipita upesi. Naona baba amesimama mbali zaidi na mwanawe wa kiume, kama wengi wetu tunavyofanya bila kujua ni kwa nini. Hati ndiyo inayostahili kuwekwa kando ya utendi wa Siyu.

Tazama jina lenyewe. Mama alitoa hirizi na kidani. Baba anatoa hati. Shaaban Robert alifanya kazi ya ukarani serikalini tangu mwaka 1926, akianzia idara ya forodha Pangani. Alijua kuwa kilichoandikwa na kuhifadhiwa ndicho kinachoaminika mwenyewe asipokuwapo. Na tazama anavyoanza: binti anatakiwa akae juu ya kiti, aandike. Kwa Mwana Kupona, binti anasogezwa karibu na mgonjwa. Kwa Shaaban, binti anapewa kiti. Mtu aweza kusema kiti ni kwa ajili ya kina tu. Sikubali. Mtunzi mkubwa hapungukiwi vina. Kiti ni heshima: binti anapewa pahala pa mtu mzima, pa mwandishi, pa mtu mwenye akili yake. Na kiti ni umbali: kati ya kiti na kiti kuna nafasi ambayo mkono hauivuki kwa urahisi. Heshima na umbali kwa pamoja, hiyo ndiyo hulka ya baba yule kama inavyotoka katika beti zake. Hagombi. Hatishi sana. Anaeleza, anatoa sababu, anatafuta mfano, kisha anatafuta mwingine ikiwa wa kwanza haukutosha. Ni mzazi anayeamini kuwa mtoto akielezwa vizuri atakubali, na imani hiyo ni ya tabia kabla ya kuwa ya fikra. Wapo wazazi wenye akili kumzidi ambao hawana subira ya mfano wa pili.

Mtu mpole akiandika, upole wake unabaki katika karatasi. Hivyo ndivyo nilivyodhani kwa miaka mingi. Nilikosea, na kosa hilo silo la kitabuni tu.

Binti yangu alipokuwa na miaka kumi na minne nilikuwa nikimsomea Hati baada ya isha. Nilijiona baba mwema: wenzangu wanawaachia watoto televisheni, mimi namsomea Shaaban Robert. Usiku mmoja akanikatiza. "Baba," alisema, "kwani Shaaban Robert alikuwa mkali hivyo?"

Nilitaka kumjibu kuwa hapana, soma mwenyewe, hakuna neno kali hata moja hapo. Nikatambua kuwa hilo ndilo lililokuwa tatizo. Katika karatasi hapakuwa na ukali. Ukali ulikuwa katika koo langu, na naliujua ulikotoka. Marehemu baba yangu aliuhifadhi utendi wa Mwana Kupona kwa moyo, akausoma kama hakimu asomaye hukumu, nasi tulioketi mbele yake tulikuwa tukingoja mwisho wa ubeti kwa sababu za usalama wetu. Alipofika pa kumsogeza binti karibu, dada zangu walirudi nyuma. Alikuwa mtu mwaminifu, mwenye kufanya kazi usiku na mchana kwa ajili yetu, na hakuwa na chembe ya subira. Nimejifundisha mwenyewe karibu kila ninachokijua, na nilikuwa nikijisifu kuwa sikuchukua kitu kwake. Kumbe nilikuwa nimechukua namna ya kusoma.

Hapa ndipo uhakiki wetu wa mausia una pengo ambalo naliona kubwa. Utendi wa mausia haukuwa wa kusomwa kimya. Husomwa na mtu, kwa mtu, mara nyingi na mzazi kwa mtoto, na huyo asomaye huleta hulka ya pili juu ya hulka ya mtunzi. Mwana Kupona mpole katika kinywa cha baba mwenye hamaki huwa shairi jingine. Shaaban Robert mtaratibu, akisomwa na mzazi mwenye wasiwasi asiyejiamini, huwa mfululizo wa mashaka. Hatuwezi kudai kuwa tumeuhakiki utendi kwa kuchambua mizani, vina, dhamira na lahaja, tukaacha swali la nani anausoma na ana tabia gani. Wazee wetu walilijua jambo hili. Ndiyo maana si kila aliyejua kusoma aliombwa asome.

Wataalamu wa saikolojia nao wamelifikia kwa njia yao. Diana Baumrind, huko California katika miaka ya 1960, alizigawa namna za malezi kwa kutazama ukali na upendo vinavyochanganyika, na mgawanyo wake bado unafundishwa. Mwaka 1984 Jay Belsky aliandika kuwa malezi yana vyanzo vitatu, yaani hulka ya mzazi mwenyewe, tabia ya mtoto, na mazingira ya msaada au dhiki yanayomzunguka mzazi, na kwamba cha kwanza kina uzito wa pekee. Mwaka 2009, Peter Prinzie na wenzake, Belsky akiwa mmoja wao, walizikusanya pamoja tafiti 30 zilizopima hulka za wazazi na malezi yao. Walikuta kuwa wazazi wachangamfu, wakunjufu, wenye mpango na wenye akili iliyo wazi kwa mambo mapya huelekea kuwa na upendo zaidi kwa watoto, na wale wanaosumbuliwa na hofu na hamaki huelekea kuwa nao kidogo. Hilo hata muuza kahawa wa Darajani angewaambia. Ila walikuta pia kuwa uhusiano huo, ingawa upo, si mkubwa. Kipo chumba kikubwa kati ya alivyo mzazi na anavyolea, na ndani ya chumba hicho kuna watu wengine.

Hao watu wengine ndio aliowauliza bibi wa Muze.

Baada ya kurudi nilisoma kitabu cha Kathleen Smythe juu ya familia za Wafipa, kilichotoka mwaka 2006. Kinahusu Nkansi zaidi, uwandani na kando ya Tanganyika, wala si bonde la Rukwa, na kinaishia mwaka 1960. Lakini nilimwona humo bibi yule. Mtoto wa Kifipa wa zamani akishaachishwa ziwa alihamia kulala nyumbani kwa babu na bibi. Mchana alikuwa kwa wazazi, usiku kwa wazee. Kwa wazee alisikia hadithi, alitaniwa, aliuliza yale ambayo heshima haikuruhusu amuulize mama au baba. Alipokua zaidi aliishi na wa rika lake. Wazazi walibaki wazazi, walishe, waamuru, waheshimiwe, lakini hawakuwa mlango wa pekee. Smythe anaonyesha kuwa wamisionari wa Kikatoliki, wale White Fathers waliofika Karema mwaka 1885, walipotaka kuwachukua watoto wawalee katika misheni zao, waliingia katika jamii iliyokwisha kuzoea kwamba mtoto hulelewa nje ya nyumba ya aliyemzaa. Wakajifanya wazazi, na Wafipa wakawapa nafasi hiyo kwa masharti yao.

Mtu wa mashairi akisoma habari hizo huona jambo ambalo mwanahistoria hakuwa na haja ya kulisema. Mpango ule ulikuwa mpango wa sauti. Mtoto aliyesikia amri asubuhi kwa sauti ya baba mwenye hamaki aliisikia tena usiku kwa sauti ya bibi mwenye mzaha, na amri ikawa ileile, lakini mtoto akajua kuwa amri si hasira. Roy Willis, aliyekaa Ufipa kuanzia mwaka 1962, aliandika mwaka 1989 juu ya fumbo la amani ya Wafipa, akishangazwa na jamii isiyopenda vita na inayopenda sana mazungumzo. Sidai kuwa nimelitegua fumbo lake kwa swali la bibi mmoja. Nasema tu kwamba mtu aliyekua akisikia jambo lilelile kwa vinywa vinne ana sababu ya kuzoea kusikiliza.

Nisije nikaeleweka kuwa bara kuna hekima na pwani hakuna. Malezi ya mzee badala ya mzazi tunayo, tena yametupa washairi. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alilelewa na mzee wa ukoo wake, Ahmad Basheikh, naye mshairi. Mwenye kutaka kujua ujasiri wa mashairi ya Sauti ya Dhiki, kitabu cha mwaka 1973, umetoka wapi, asiishie kwenye gereza. Na katika miji yetu ya mawe mtoto alikuwa na shangazi, na somo, na jirani aliyemfungulia mlango alipokimbia kiboko. Tofauti ni kuwa tenzi zetu za mausia haziwataji. Utendi umemfanya mzazi kuwa peke yake. Ni lazima afanye hivyo, kwa kuwa sauti moja ndiyo inayoujenga. Utendi wa vinywa vinne ungekuwa ngonjera. Basi tusiuchukue upweke wa umbo tukaufanya sheria ya malezi. Mwana Hashima hakuwa na mama tu. Utendi ndio uliokuwa na mama tu.

Wala nisimpambe bibi kupita kiasi. Nilipomuuliza kama wajukuu zake wanalala kwake kwa desturi ile, alicheka kicheko kisichokuwa cha furaha. Wako kwake kwa sababu wazazi wao wamekwenda kutafuta maisha, wakawaacha. Zamani, alisema, mtoto alikuwa na pande mbili. Hawa wana upande mmoja, naye amechoka, na akichoka anagomba. Hakuna kati yetu aliyesema neno kwa muda. Nilikuwa nimekwisha kuanza kumwona kuwa jibu, naye akanikumbusha kuwa ni mtu mwenye hulka yake na magoti yanayouma.

Asubuhi yake tulipokuwa tunajiandaa kupanda mlima, aliniomba nirudie ule mwanzo. Si mausia ya mume, wala ya adabu: pale mama anapomwita binti asogee. Nikarudia mara mbili, tatu, taratibu kuliko nilivyozoea. Mjukuu wake mkubwa, msichana wa miaka tisa au kumi hivi, alikuwa akirudia nyuma yangu kwa midomo bila sauti. Nilipomaliza akasema ubeti wote mwenyewe, Kiamu kikiwa kimepinda hapa na pale, na pahala pa "binti" akatia "mjukuu". Mizani ikazidi. Nikafungua kinywa nimsahihishe, kisha nikaona bibi amekwisha kumsogezea kigoda.